Wachukuzi Waliopungua: Somo la Damu na Pumzi kwa Waanzao Uuguzi

Baadhi yenu, mkiisha kumaliza masomo hapa, mtakwenda kujifunza uuguzi Gitega au Muyinga, na wenzenu waliotangulia wamekwisha kuanza. Huko hukuta vitabu vinene vya Kifaransa juu ya fiziolojia, yaani elimu ya kazi za mwili: kila kiungo hufanya nini, hufanya kwa njia gani, na huharibika kwa sababu gani. Mwanafunzi mgeni hupenda kukariri majina. Akiulizwa mtu mzima ana mifupa mingapi, hujibu 206 bila kupepesa macho. Akiulizwa kwa nini mgonjwa huyu anapumua mbio, hutazama dari. Somo hili ni kwa ajili ya swali la pili. Hatutapita mwili mzima toka utosini mpaka unyayoni. Tutamfuata mtoto mmoja tu, na kwa njia yake tutazame pumzi, damu, moyo na maji, maana vitu hivyo vinne vimesokotwa pamoja kama kamba, na mwenye kuvisoma mbali mbali hatavielewa.

Tuseme basi mko katika kituo cha afya kilimani, kando ya barabara itokayo Gitega kwenda Muyinga kupitia Karuzi. Katika vituo vya namna hiyo aghalabu hapana daktari. Mwuguzi ndiye mkubwa wa nyumba, na watu wa kilimani humwita muganga kana kwamba amesoma kila kitu. Mama mmoja anaingia na mtoto wa miaka miwili mgongoni, kilo 10. Mtoto amekuwa na homa siku tatu, na tangu jana hataki kula. Mnamvua nguo na kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima: 62. Mtoto wa umri huo, zikifika 40, tayari twasema anapumua haraka. Mwanafunzi anasema upesi, "Ni kichomi, mapafu yameshikwa." Lakini kifua hakibonyei chini ya mbavu, na mwuguzi akisikiliza kwa chombo chake anasikia hewa ikiingia na kutoka vizuri pande zote mbili. Wanachukua kile kibanio chenye taa nyekundu, wanakitia kidoleni mwa mtoto, nacho kinaonyesha 96 kwa mia. Mwanafunzi anapumua kwa faraja: oksijeni ipo ya kutosha, labda ni homa tu.

Ndipo mwuguzi mzee anapofungua kiganja cha mtoto na kukiweka kando ya kiganja cha mama yake. Cha mama kina wekundu wa damu. Cha mtoto ni cheupe kama karatasi ya daftari.

Mtoto huyu yu karibu kufa, na mapafu yake ni mazima. Jambo hili lawezekanaje?

Na tuanze na pumzi. Hewa tunayovuta ina sehemu 21 za oksijeni katika kila 100. Chembe zote za mwili huihitaji ili kuchoma chakula na kupata nguvu, kama moto wa jikoni uhitajivyo upepo, na kama jikoni, kazi hiyo huacha moshi. Moshi wa mwili ni hewa iitwayo kaboni dayoksaidi. Chakula mwili huweza kukiweka akiba ya wiki kadhaa katika mafuta, na maji akiba ya siku chache. Oksijeni haina ghala. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika nne au tano tu huanza kuharibika bila kupona. Kwa hiyo kazi ya kuileta haina likizo, usiku wala mchana.

Mapafu ni mahali pa kubadilishana. Ndani yake mna vifuko vidogo mno, mamia ya mamilioni, vyenye kuta nyembamba kuliko ukaratasi wa kitunguu. Kama ingewezekana kuzitandaza kuta hizo zote za mtu mzima, zingeenea sakafu ya darasa la meta 10 kwa 7. Upande mmoja wa ukuta ni hewa, na upande wa pili ni damu. Oksijeni hupita kuingia, kaboni dayoksaidi hupita kutoka. Gitega na Muyinga ni miji ya milimani, zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Mtu wa Gitega akivuta pumzi moja hupata oksijeni pungufu ya ile apatayo mtu wa Tanga, pungufu ya kama sehemu moja katika sita. Mwili huizoea hali hiyo kwa kutengeneza damu nzito zaidi kidogo. Lakini kumbukeni kwamba mtoto wetu tangu mwanzo hakuwa na ziada kubwa ya kuchezea.

Sasa damu. Ukiiacha damu katika kichupa kisafi chenye dawa ya kuizuia isigande, baada ya muda itajitenga: juu maji ya rangi ya manjano, chini tope jekundu. Tope hilo ni chembe nyekundu, ndizo wachukuzi wetu. Ni nyingi hata hesabu yake hutisha: tone dogo lenye upana, urefu na kimo cha milimeta moja lina chembe kama milioni tano kwa mtu mzima mwenye afya. Kila chembe imejaa kitu kiitwacho hemoglobini, chenye madini ya chuma, nacho hushika oksijeni kwenye mapafu na kuiachia kwenye viungo. Chembe moja huishi siku 120 hivi, kisha ikachakaa na kuondolewa, hasa katika wengu na ini. Uboho ulio ndani ya mifupa hutengeneza mpya, kiasi cha milioni mbili kila sekunde. Mkiisha kusoma sentensi hii, mnazo mpya mamilioni kadhaa ambazo hamkuwa nazo mlipoianza.

Wote tumewaona vijana wa baiskeli wachukuao ndizi na makaa katika milima ya Burundi, mzigo umepanda kuliko kichwa cha mwenye kuendesha. Fikirini kwamba ghala la mzigo liko Muyinga na soko liko Gitega. Ghala ni mapafu. Soko ni ubongo, misuli, figo na viungo vyote vyenye njaa. Baiskeli ni chembe nyekundu. Siku njema hupita baiskeli 1,200 kwa saa, na soko linashiba. Tena soko huteremsha robo tu ya mzigo, na robo tatu hurudi Muyinga zikiwa bado zimefungwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kweli katika mwili uliopumzika: damu hurudi moyoni ikiwa imeacha kama robo tu ya oksijeni yake. Hiyo ndiyo akiba yetu ndogo, nayo i njiani, haimo ghalani.

Siku moja baiskeli 800 zimevunjika, zimebaki 400. Njiani pamesimama askari mwenye daftari, naye kazi yake ni kutazama kila baiskeli ipitayo kama imebeba au i tupu. Jioni anaandika: "Katika kila baiskeli 100, 96 zilibeba mzigo." Hakusema uwongo. Lakini sokoni watu wanalia njaa, kwa sababu hakuna aliyemwuliza ni baiskeli ngapi zilizopita.

Kibanio cha kidoleni ndicho askari huyo. Taa yake hupima rangi ya hemoglobini iliyopo, na kutuambia ni sehemu ngapi kwa mia zimeshika oksijeni. Haihesabu wachukuzi. Mtoto mwenye hemoglobini ya gramu 12 katika desilita ya damu na mtoto mwenye gramu 4 huweza wote wawili kuonyesha 96, na wa pili ana theluthi tu ya oksijeni aliyo nayo wa kwanza. Kibanio ni chombo kizuri, na kimeokoa wengi wenye kichomi. Ila kila chombo hujibu swali lake kimoja, na mwuguzi asiyejua swali hilo ni lipi huongozwa na chombo kama kipofu aongozwavyo na kipofu.

Sokoni, wachukuzi wakipungua, kuna njia mbili za kuokoka. Ya kwanza ni kuteremsha mzigo zaidi kutoka kila baiskeli, si robo tena bali nusu au zaidi. Ya pili ni kuwaambia waliobaki wakimbie. Hapo ndipo moyo unapoingia.

Moyo ni pampu mbili zilizoshikamana. Ya kulia husukuma damu kwenda mapafuni, ya kushoto huisukuma kwenda mwilini kote. Leo mtoto wa shule anajua kwamba damu huzunguka, lakini kwa muda wa zaidi ya miaka elfu matabibu wa Ulaya na wa Mashariki waliofuata mafundisho ya Galeni waliamini kwamba ini hutengeneza damu kutoka katika chakula, na mwili huila damu hiyo ikaisha. Mwingereza William Harvey aliitikisa imani hiyo katika kitabu chake kilichopigwa chapa Frankfurt mwaka 1628, na silaha yake moja kubwa ilikuwa hesabu ya kawaida. Alikisia moyo hutoa damu kiasi gani kwa pigo moja, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa, akaona jumla yake yapita damu yote iliyomo mwilini. Hakuna chakula kiwezacho kutengeneza damu nyingi hivyo upesi hivyo. Basi ni lazima iwe ni damu ile ile inayorudi. Hakupata kuiona njia ndogo ambayo damu hupitia kutoka mishipa iendayo mpaka mishipa irudiyo. Vimishipa hivyo vyembamba kuliko unywele vilionekana kwa hadubini mwaka 1661, naye aliyeviona ni Malpighi wa Italia, katika mapafu ya chura.

Fanyeni hesabu hiyo wenyewe. Kaeni kimya dakika tano, kisha wekeni vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Msitumie kidole gumba chenyewe kupima, kwa maana nacho kina mshipa wake wa nguvu, na mtajihesabu wenyewe badala ya mgonjwa. Wengi wenu mtapata mapigo 70 hivi kwa dakika. Moyo wa mtu mzima hutoa mililita 70 kwa pigo. Zidisheni: karibu lita tano kwa dakika, na damu yote ya mtu mzima ni kama lita tano. Maana yake, damu yenu yote imepita moyoni katika dakika moja. Sasa kimbieni mpaka juu ya mlima wa shule na kurudi, mhesabu tena. Mtapata 140 au zaidi. Misuli iliomba mzigo, moyo ukaitikia.

Moyo wa mtoto wetu wa Karuzi unapiga 180 naye amelala mikononi mwa mama yake. Yu kama mtu apandaye mlima mchana na usiku bila kuruhusiwa kuketi.

Na pumzi je? Mapafu ni mazima, kwa nini apumue 62? Jibu la swali hili ndilo, kwa maoni yangu, jambo zuri kuliko yote katika somo la pumzi, na wengi humaliza shule bila kulipata. Zibeni pua na midomo mkajizuie kupumua. Baada ya nusu dakika au dakika moja mtasikia kifua kikiwaamuru mvute hewa. Mwadhani mmekosa oksijeni? La. Oksijeni yenu bado ipo ya kutosha. Kinachoamuru ni kaboni dayoksaidi iliyolimbikizana na kuifanya damu iwe na uchachu. Chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, mna kituo kionjacho uchachu huo, nacho ukizidi huamuru pumzi ziongezeke ili moshi utolewe. (Kwa sababu hiyo hiyo, ninyi mwogeleao katika Ziwa Tanganyika msipumue upesi upesi mara nyingi kabla ya kupiga mbizi. Mtaufukuza moshi wote, kituo kitanyamaza, na oksijeni itakwisha bila onyo. Vijana hodari wamezirai chini ya maji kwa njia hiyo na hawakuibuka.)

Viungo visivyopata oksijeni ya kutosha haviachi kufanya kazi mara moja. Hujaribu kuchoma chakula bila oksijeni, na taka ya kazi hiyo ni asidi iitwayo asidi ya laktiki. Damu inakuwa chachu. Kituo kinaonja uchachu, kinaamuru pumzi, na mtoto anapumua haraka tena kwa kina, kama mtu aliyetoka mbioni, ijapokuwa kifua chake hakina ugonjwa. Mapafu yake yanaitikia mwito wa viungo vilivyo mbali. Mwuguzi akitibu kifua tu, amemtibu mpiga mbiu akaiacha nyumba inayoungua.

Basi wachukuzi walikwenda wapi? Katika nchi hii mshukiwa wa kwanza ni malaria. Mwaka 1880 tabibu Mfaransa Laveran, akiwa Algeria, aliona kwa hadubini viumbe hai katika damu ya askari mwenye homa, na mwaka 1897 Ronald Ross akamgundua mdudu huyo ndani ya mbu huko India. Kiumbe cha malaria mbaya huingia katika chembe nyekundu, hula hemoglobini yake, hujigawa, na baada ya saa 48 hivi huipasua chembe na kutoa watoto kumi na kadhaa au ishirini na zaidi, kila mmoja akitafuta chembe yake. Ubaya haukomi hapo. Wengu huondoa hata chembe nyingi ambazo hazikuingiwa, na uboho wakati huo huo huzembea kutengeneza mpya. Yaani baiskeli zinavunjwa, nzima zinakamatwa, na kiwanda kimefungwa.

Watu hudhani milimani hapana malaria. Zamani ilikuwa kidogo kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Katika nchi za chini, kama bonde la Imbo kando ya ziwa, mtu anayeumwa na mbu mwaka baada ya mwaka, akiupita utoto salama, hupata kinga ya kiasi. Mtu wa kilimani hana kinga hiyo. Mvua na joto vikizidi, mbu wakazaana katika mabonde yaliyolimwa, ugonjwa huwashika watoto na wazee pamoja. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000 mpaka mwaka 2001 Burundi ilipatwa na mlipuko ambao watu wengi huko hawajausahau. Katika nchi yenye watu kama milioni saba wakati ule, wagonjwa walioandikwa walikaribia milioni tatu katika miezi michache, na Kayanza, Ngozi na Karuzi ziliumia sana. Karuzi, mkumbuke, iko katikati ya Gitega na Muyinga. Dawa ya klorokwini iliyotumika siku zile ilikuwa imekwisha kushindwa na vijidudu, nchi ilikuwa vitani, na wengi walikuwa wamedhoofika kwa njaa. Mwaka 2003 Burundi iligeukia dawa mbili kwa pamoja, atesuneti na amodiakwini. Walakini mwezi wa Machi 2017 serikali ilitangaza tena mlipuko wa malaria. Jambo moja lililosaidia kwa kweli ni kwamba tangu mwaka 2006 watoto walio chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo, hivyo mama hamwachi tena mtoto nyumbani kwa sababu tu hana faranga za muganga. Ndiyo sababu yule mama wa mfano wetu alikuja siku ya tatu, hakungoja ya saba.

Sasa natuingie mahali pagumu. Mtoto ana mikono na miguu ya baridi, mshipa mwembamba na wa haraka, naye amelegea. Mkono wa mwanafunzi unakwenda wenyewe kwenye chupa ya maji ya mshipani. Kila mtu apenda dripu. Mama akiiona imetundikwa huamini mwanawe anatibiwa, na mwuguzi naye huona amefanya kitu. Tena iko hali ambayo maji ni uhai wenyewe: mtoto aliyeharisha, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi. Huyo amepoteza maji na chumvi, mishipa yake imepungua, na kazi yetu ni kurudisha kilichopotea, kwa mdomo akiweza kunywa, kwa mshipa akishindwa. Hata katika kunywa fiziolojia yatufundisha: ukuta wa utumbo huvuta chumvi upesi zaidi ikiwa pamoja na sukari, na maji huvifuata vyote viwili. Ndiyo maana maji ya kipindupindu huwa na sukari na chumvi kwa vipimo, wala si kwa ajili ya ladha.

Lakini mtoto wetu hakuharisha. Hakupoteza maji, amepoteza wachukuzi. Mwili wa mtoto wa kilo 10 una damu mililita 800 tu hivi, haizidi sana chupa kubwa ya bia ya huku, ile ya santilita 72. Ukimmiminia mililita 400 za maji ya chumvi kwa saa moja, umeongeza barabara bila kuongeza baiskeli. Damu iliyokuwa nyepesi imekuwa nyepesi zaidi, na moyo uliokuwa ukikimbia umetwishwa mzigo mwingine.

Msidhani haya ni maneno ya kitabuni tu. Kwa miaka mingi madaktari waliobobea walifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu apewe maji mengi haraka. Hapakuwa na aliyejaribu kwa utaratibu kama fundisho hilo lafaa Afrika. Ndipo watafiti wakiongozwa na daktari Kathryn Maitland walipolijaribu katika hospitali sita za Afrika Mashariki: Kilifi huko Kenya, Muheza huko Tanzania, na Kampala, Mbale, Soroti na Lacor huko Uganda. Waliochunguzwa walikuwa watoto 3,141. Waliokuwa wakiharisha au wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Baadhi walipewa maji haraka, wengine hawakupewa maji hayo ya haraka ila matunzo mengine yote. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Katika kila watoto 1,000 waliopewa maji haraka, kama 105 walikufa kabla ya saa 48. Kwa wasiopewa, 73.

Zaidi ya watoto 30 katika kila 1,000 wangeishi kama chupa isingefunguliwa kwa kasi. Tena hasara hiyo ilionekana kwa wenye malaria na wasio nayo, na kwa wale wenye upungufu mkubwa wa damu vile vile. La ajabu zaidi ni kwamba saa ya kwanza waliopewa maji walionekana kupata nafuu: mikono ilipata joto upesi zaidi. Vifo vilikuja baadaye, na vingi vilitokana na mzunguko wa damu kushindwa. Mimi nikiambiwa nitaje utafiti mmoja ambao kila mwanafunzi wa uuguzi katika nchi zetu aujue kwa moyo, nitautaja huo, kwa sababu ulifanyika kwa watoto wetu, na kwa sababu uliwaaibisha wakubwa waliodhani mwili wa mtoto ni mtungi wa kujazwa.

Basi kwa mtoto wa Karuzi twafanya nini? Kidole kinachomwa, hemoglobini inapimwa: gramu 4. Kipimo cha malaria chasema ndiyo. Anachomwa sindano ya atesuneti bila kungoja gari. Sukari ya damu inapimwa, maana mtoto mwenye malaria kali asiyekula huishiwa sukari, na ubongo usio na sukari huzimika kama usio na oksijeni. Anafunikwa asishikwe na baridi, na mama anakaa naye akiwa amemwegemeza kifuani. Kisha gari, kwenda hospitali iliyo na damu, ama upande wa Gitega ama upande wa Muyinga, kwa kuwa kituo cha kilimani hakina damu ya kuongeza. Katika karatasi ya safari mwuguzi anaandika pumzi 62, mshipa 180, hemoglobini 4, viganja vyeupe, na saa aliyochoma sindano. Asiandike "kichomi". Neno moja lililokosewa katika karatasi hiyo huweza kumpotezea mtoto saa nzima mlangoni.

Hospitalini damu hupimwa kundi lake kabla ya kutiwa. Tangu Landsteiner alipoonyesha mwaka 1901 kwamba damu za watu zina makundi, hapana udhuru kwa anayechanganya chupa. Mtoto wa kilo 10 hupewa damu nzima kama mililita 200, polepole, kwa muda wa saa tatu au nne, na robo saa ya kwanza mwuguzi haondoki kitandani: anatazama vipele, kutetemeka, homa kupanda, mgongo kuuma kwa wale wawezao kusema. Mililita 200 ni kidogo kuliko chupa ya soda. Lakini ndani yake mna mabilioni ya baiskeli zilizokwisha kutengenezwa na uboho wa mtu mwingine, pengine mwanafunzi wa shule aliyenyosha mkono wake asubuhi moja akapewa biskuti.

Kisha mhesabu tena. Mwanzoni 62, baada ya saa moja labda 54, saa ya tatu 40. Hakuna aliyeyagusa mapafu, nayo yametulia, maana uchachu umepungua na kituo kimeacha kupiga mbiu. Mshipa nao unashuka. Siku zijazo uboho utaamka, na vijidudu vikiisha kuuawa utaanza kutoa chembe changa. Mama aambiwe arudi na mtoto apimwe tena baada ya wiki moja, na tena mwezi ukitimia, kwa kuwa wengine hushuka tena nyumbani wakati kila mtu amekwisha kusahau.

Zoezi, kwa wanaokusudia uuguzi na kwa wasiokusudia: usiku wa leo hesabuni pumzi za mdogo wenu akiwa amelala, dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde, si nusu dakika mkazidisha kwa mbili. Andikeni. Kesho fungueni kiganja chake, mkiweke kando ya cha mama yenu mahali penye mwanga wa jua, mtazame rangi. Fanyeni hivyo na watoto watano wazima kabla hamjamwona hata mmoja mgonjwa.